Kilomita 90 za changarawe kuzunguka ziwa: nijaze psi ngapi, na mbona njia tambarare imenichosha hivi?

Swali: "Nina baiskeli ya changarawe yenye matairi ya milimita 40, ya tyubu. Uzito wangu ni kilo 78. Mwezi ujao tunataka kuzunguka ziwa kwa siku moja, watu watatu: kilomita 90, karibu zote changarawe, na ramani inaonyesha mita 600 tu za kupanda. Njiani kuna ngome ya kale, kinu cha maji na magofu ya monasteri ambayo tungependa kuyaona. Tulijaribu kipande cha kilomita 60, nikajaza upepo wa presha ya psi 50 mbele na nyuma. Kwenye kona moja gurudumu la mbele liliniponyoka. Kufikia kilomita ya 30 kidole cha pete na cha mwisho vilikuwa vimeshikwa ganzi, mikono yote miwili. Nikatoa upepo kidogo kwenye matairi yote, nikikisia kwa kidole gumba. Ganzi ilipungua, lakini nikapata pancha mbili za nyuma, na kila tyubu ilikuwa na matundu mawili sambamba. Nilifika hoi kuliko siku ninazopanda milima. Mwenzangu mmoja anasema nijaze psi 60 nisipate pancha tena. Mwingine anasema njia tambarare haina maandalizi, tatizo ni baiskeli, nibadilishe. Nimsikilize nani?"

Usimsikilize yeyote kati yao. Psi 60 zitazuia aina ile ya pancha, kisha zitakurudishia ganzi, mtelezo na uchovu pamoja na riba. Baiskeli mpya nayo, ukiijaza upepo na kuikalia kama hii, itakufikisha palepale. Habari njema ni kwamba jaribio lenu limekwisha kukupa majibu karibu yote: yamo kwenye yale matundu mawili na vile vidole viwili.

Tuanze na matundu. Mwiba au msumari hutoboa tundu moja, upande wa tyubu unaotazama ardhi. Matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka, hayana mwiba wowote nyuma yake. Tairi lilikuwa laini mno, likagonga jiwe lenye ncha, likabonyea mpaka mwisho, na tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo mbili za rimu. Imekatwa pande zote kwa mpigo mmoja. Imetokea nyuma kwa sababu nyuma ndiko uzito uliko: wewe kilo 78, baiskeli kama kilo 10, maji na mizigo kilo 4, jumla 92. Ukikaa kawaida, asilimia 55 hadi 60 ya uzito huo huliangukia gurudumu la nyuma, yaani kilo 50 na ushei, na mbele hubaki 40 hivi. Ulipotoa upepo uleule kwenye magurudumu yasiyobeba sawa, mbele ulipatia, nyuma ulizidisha. Ndiyo maana mikono ilipata nafuu papo hapo huku tyubu za nyuma zikikatika. Isitoshe, ulipima kwa kidole gumba, na kidole hakiwezi kutofautisha psi 34 na psi 27. Kwa tairi lako, umbali huo mdogo ndio unaotenganisha safari nzuri na kukaa kando ya njia ukibandika kiraka.

Kwa nini basi usijaze 60 ukamaliza kazi? Wazo kwamba tairi gumu linakwenda kasi limetoka kwenye lami laini, na huko lina ukweli wake: tairi gumu linabonyea kidogo, kwa hiyo nguvu kidogo inapotea kwenye mpira wake. Kwenye changarawe kuna mpotezaji mwingine mkubwa zaidi. Kila kokoto unayoipitia ina njia mbili: ama izame ndani ya tairi, ama iinyanyue baiskeli pamoja na wewe juu yake. Ikizama, tairi linaimeza na kukurudishia sehemu kubwa ya nguvu upande wa pili. Ikikunyanyua, kilo 92 zimepanda milimita kadhaa na kushuka tena, na nguvu hiyo haikusukumi mbele. Inaishia kwenye misuli ya mikono, mgongo na mapaja, ambayo hutikisika na kuigeuza kuwa joto. Zidisha kwa maelfu ya kokoto ndani ya kila kilomita. Huo mtikisiko ndio ganzi yako, na sehemu nzuri ya uchovu wako pia. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alianza na baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe iliyokuwa ikidunda barabarani. Upepo uliingizwa kwenye tairi ili umeze barabara, kazi ambayo mpira mgumu ulishindwa.

Kwa uzito wako na tairi la milimita 40 lenye tyubu, anzia psi 40 nyuma na psi 35 mbele. Hizo ni namba za kuanzia tu. Tafuta kipande cha kilomita moja kinachofanana na njia yenu, chenye mawe machache ya kutokeza, ukipite kwa mwendo wako wa kawaida. Punguza psi 2 kila upande, rudia. Ukifika mahali unaposikia rimu ikigusa, yaani mlio mkavu wa chuma kwenye jiwe badala ya mdundo mzito wa mpira, pandisha psi 3 na uziandike namba hizo. Nyuma utaishia kati ya 37 na 40, mbele kati ya 32 na 35. Mbele lazima pawe chini kuliko nyuma, na hilo halina mjadala.

Pampu nyingi za kusimama sakafuni zina mshale unaosoma mpaka psi 160, kwa hiyo eneo lako lote la kazi limebanwa kwenye robo ya chini ya uso wake, ambako kosa la psi 4 au 5 ni la kawaida. Nunua kipimo kidogo cha kujitegemea kinachosoma presha ndogo. Pima asubuhi kabla jua halijayapata matairi: joto likipanda kutoka nyuzi 15 hadi 35, tairi la psi 40 huongezeka karibu psi 4 bila mtu kuligusa. Angalia pia kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kile cha rimu, ufuate kilicho kidogo.

Kuna njia ya tatu ambayo wenzako hawakuitaja: tairi lisilo na tyubu, tyublesi. Bila tyubu hakuna cha kubanwa, kwa hiyo unaweza kushuka hadi psi 33 nyuma na 29 mbele, na matundu madogo ya miiba huzibwa na dawa iliyomo ndani kabla hujajua umechomwa. Kwa changarawe naiona ndiyo chaguo bora, ila ina masharti. Rimu na tairi vyote viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Rimu izibwe kwa utepe maalumu, vali zibadilishwe, na kila tairi la milimita 40 lipate mililita 60 hadi 80 za dawa. Dawa hiyo hukauka ndani ya miezi michache, upesi zaidi kwenye joto, kwa hiyo lazima ikaguliwe na kuongezwa. Siku za mwanzo tairi huvuja polepole mpaka dawa isambae. Kwa vile mna mwezi mzima, fanya kazi hiyo wiki hii au usiifanye kabisa kabla ya safari. Anayebadilisha usiku wa kuamkia safari huwa analala na pampu mkononi. Na ukibadilisha, bado beba tyubu: jiwe likilipasua tairi ubavuni, dawa haitaliziba.

Kabla ya lolote pitisha ukucha kwenye kingo zote mbili za rimu ya nyuma, mzunguko mzima. Kipigo kilichoikata tyubu mara mbili kinaweza kuwa kimeibonyeza rimu pia. Bonyeo dogo la alumini fundi anaweza kulinyoosha. Kama rimu ni ya kaboni na unaona ufa, hata mwembamba kama unywele, usiipande. Ipeleke ikaguliwe ana kwa ana, maana picha ya simu haitoshi kuamua.

Sasa vidole. Kidole cha mwisho na cha pete hupata hisia kupitia neva ya ulna, ambayo huingia kiganjani upande wa kidole cha mwisho, karibu kabisa na ngozi, pale unapoegemea usukani. Ikibanwa na kutikiswa kwa saa mbili, inazima. Ingekuwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, ningeshuku neva nyingine na mkunjo wa kifundo cha mkono. Presha ya mbele iliyoshuka imekwisha kukuonyesha nusu ya dawa. Nusu nyingine iko kwenye kiti, ingawa watu wachache huitafuta huko. Weka pimamaji juu ya kiti. Kama pua yake imeinama zaidi ya nyuzi 2 au 3, mwili unateleza mbele kila dakika na mikono inafanya kazi ya kuuzuia. Kisawazishe. Halafu angalia kama viwiko vyako vimenyooka kama fimbo. Kama ndivyo, usukani uko mbali au chini mno. Geuza kiungo kinachoshika usukani kwenye fremu kichwa chini miguu juu ili usukani uinuke, au weka kiungo kifupi zaidi kwa sentimita 1. Utepe mnene wa usukani unasaidia, glavu zinasaidia kidogo. Kinachosaidia kuliko vyote, na hakinunuliwi, ni kuhamisha mikono kila dakika 10: juu ya vishikio vya breki, kwenye usukani wa juu, chini kwenye mikunjo, kisha tena.

Hapa ndipo njia tambarare inapowaponza watu, na ndilo jibu kwa mwenzako wa pili. Milimani kuna kupanda na kushuka. Ukishuka unaacha kukanyaga, unanyanyuka kitini, mikono inahama, damu inarudi matakoni na viganjani. Kando ya ziwa hakuna anayekupa mapumziko hayo. Changarawe inakula mwendo, na ukiacha kukanyaga baiskeli inapoa mara moja, kwa hiyo unakanyaga mfululizo katika mkao uleule. Kwa mizunguko 80 kwa dakika, saa tano ni mizunguko 24,000, yote ukiwa umekalia mahali pamoja. Mapumziko ambayo mteremko ungekupa itabidi ujipangie mwenyewe. Kila robo saa simama juu ya pedeli kwa mizunguko 15, gia moja nzito zaidi. Kila saa simamisha baiskeli kabisa kwa dakika tatu. Yanaonekana mambo ya kitoto kwenye kilomita ya 10. Kwenye kilomita ya 75 yatakuwa yamekulipa.

Halafu kuna upepo, ule wa ziwani. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huingia kuziba nafasi yake. Huanza asubuhi ikikomaa na kupata nguvu alasiri. Kwa kuwa unavuma kutoka majini kwenda nchi kavu, utakupiga ubavuni karibu mzunguko wote, na juu yake unaongezeka upepo mkuu wa siku hiyo, ambao kwenye ukingo mmoja wa ziwa utakuja usoni. Usiudharau. Ukienda kilomita 17 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, hewa inakufikia kwa kilomita 32, na ukinzani wake unakuwa karibu mara tatu na nusu ya ule wa hewa tulivu, kwa sababu hukua kwa mraba wa kasi. Basi angalieni utabiri jioni ya kuamkia safari na mchague mwelekeo wa kuzunguka ili ukingo wenye upepo wa usoni muumalize asubuhi. Kama hakuna upepo wa kutisha, mahali ambapo magari hupita kushoto zungukeni kinyume cha saa, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Mahali wanapopita kulia, fuateni saa. Hivyo mtakuwa upande wa maji kila njia inapoungana na barabara ya magari, na hamtakatiza magari kila mkitaka kusimama kutazama.

Tuje kwenye zile mita 600. Kugawa 600 kwa 90 kunatoa chini ya mita 7 kwa kila kilomita, na hapo mtu hujiambia ni tambarare. Ziwa ni tambarare. Njia yake ina tabia nyingine. Haisambazi mita hizo sawasawa, inazirundika mahali pachache, na mahali hapo ndipo palipo na vitu mnavyokwenda kuviona. Waliojenga zamani hawakuchagua viwanja kwa bahati nasibu. Ngome iliwekwa juu, au pale ukingo unapobanwa kati ya kilima na maji, ili wachache wawazuie wengi. Kaskazini mwa Ziwa Trasimeno, Italia, kuna ukanda kama huo, na ndimo Hannibal, jemadari wa Carthage, alimowanasa Warumi mwaka 217 KK: jeshi lao lililoongozwa na Flaminius lilikuwa likipita kwa mstari mrefu, vilima upande mmoja, maji upande mwingine. Kwa mwendesha baiskeli, ukanda uliobanwa una maana kwamba njia, reli na barabara ya magari vyote vinagombania nafasi, na changarawe yenu inaweza kusukumwa juu kilimani au kutupwa kwenye lami yenye magari.

Kwa hiyo soma alama za mambo ya kale kwenye ramani ili ujue njia. Ukiona alama ya ngome, tegemea mpando mfupi mkali, asilimia 10 au 12, na mita 200 za mwisho mara nyingi ni mawe ya kupangwa yaliyolainishwa na nyayo. Alama ya kinu cha maji ina maana ya kijito, kijito kina maana ya bonde, na bonde lina mteremko, kivuko na tope, kisha mpando wa kutokea. Kama vijito ni vinane, mabonde ni manane. Bandari ya kale au mdomo wa mto huleta mchanga, ambamo gurudumu la mbele hupotea. Monasteri zilipenda utulivu, wakati mwingine kisiwani, na hapo ratiba ya mashua ndiyo inayotawala siku yenu. Ngome ya Lochleven huko Scotland, alikofungwa Malkia Mary mwaka 1567 hadi alipotoroka Mei 1568, ipo kisiwani. Njia ya kulizunguka ziwa lenyewe haina shida, lakini anayetaka kuingia ngomeni anasubiri mashua. Mkiona tuta la reli iliyong'olewa, shukuruni: treni hazikuweza kupanda zaidi ya asilimia chache, na wahandisi walikwisha kuwakatia vilima zamani.

Gia yako iwe tayari kwa huo mpando wa ngome. Meno 40 mbele na 42 nyuma humaanisha kila mzunguko wa pedeli unakusogeza kama mita 2.1, sawa na kilomita 7 na nusu kwa saa ukikanyaga mizunguko 60. Hiyo inatosha. Kama gia yako nyepesi kuliko zote ina meno 40 mbele na 32 nyuma, shuka usukume. Hakuna aibu, na kwenye kokoto zilizolegea za mpando mkali huenda ukasukuma hata ukiwa na gia. Ukibaki juu ya baiskeli, kaa kitini, maana ukisimama uzito unaliacha gurudumu la nyuma nalo linazungukia mahali pamoja.

Ile kona iliyokuponza nayo ina sababu zaidi ya presha. Kokoto zilizolegea juu ya udongo mgumu hufanya kazi kama gololi chini ya tairi. Magari huzisukuma nje ya njia za magurudumu, kwa hiyo zimejaa katikati na kwenye ukingo wa nje wa kona, yaani palepale unapotupwa ukiingia kwa kasi. Funga breki ukiwa bado umenyooka, kabla ya kona, kisha ziachie. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na ukiutumia kusimama hutabakiwa nao wa kupinda. Fuata mfereji uliosafishwa na magari hata kama si njia fupi, pedeli ya nje ikiwa chini na uzito wako juu yake, macho yakiwa kwenye mahali unapotokea. Na psi 50 mbele kwa mtu wa kilo 78 ni kama kupinda kwa gurudumu la mbao. Kwenye mawimbi madogo yanayokatiza barabara kama mbavu, tafuta ukingo kabisa. Kwenye mchanga, gia nyepesi, mikono laini, usigeuze usukani ghafla.

Tope la mfinyanzi linastahili onyo lake. Likianza kunata na kujaa kati ya tairi na fremu, acha kukanyaga. Wengi hulazimisha, cheni inavuta, kibadili gia cha nyuma kinanaswa na kuingia kwenye spoki, na kile kipande kidogo cha alumini kinachokishikilia kinakatika. Kimewekwa hapo ili kikatike kabla ya fremu, lakini bila cha akiba safari yako imeisha. Vipo vya maumbo mengi mno, kwa hiyo tafuta kinacholingana na fremu yako na ukibebe. Ni kidogo kama biskuti. Mengine unayajua: tyubu mbili, viraka, pampu, vifaa vya kuvulia tairi, kiungo cha cheni cha akiba, seti ya bisibisi na spana ndogo. Kila unapobadilisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi taratibu kutafuta mwiba uliobaki, la sivyo utatoboa na tyubu mpya.

Muda. Watu watatu wa kawaida kwenye changarawe ya namna hii hupata kilomita 16 hadi 18 kwa saa wakiwa kwenye mwendo, kwa hiyo kilomita 90 ni saa 5 na dakika 20 hivi za kukanyaga. Ngome inayostahili kutazamwa inataka saa nzima ukihesabu kufunga baiskeli na kupanda ngazi. Magofu, dakika 40. Kinu, 20. Ongeza dakika 40 za kula, na 45 za pancha na kupotea njia. Jumla ni karibu saa 9 za safari. Hesabuni kutoka machweo kurudi nyuma, na mwache saa moja na nusu ya akiba. Kama hesabu haikai, ondoeni kituo kimoja mapema, mezani, kuliko kukimbizana nacho jioni. Mimi ningeweka ngome ndani ya kilomita 50 za kwanza hata kama ina mpando: mtu aliyechoka hupita mbele ya ukuta wa miaka 700 akiwaza kiti chake tu. Hakikisheni saa za kufunguliwa za siku hiyohiyo, na muulizie kama baiskeli zinaruhusiwa kwenye uwanja. Mkikuta matuta na mitaro chini ya nyasi, msipite juu yake hata kama ni njia ya mkato, kwani mara nyingi tuta ndilo lenyewe kumbukumbu.

Mnaposimama zaidi ya nusu saa, vaeni koti kabla ya kuhisi baridi, na dakika 10 za kwanza baada ya hapo mwende gia nyepesi. Viatu viwe vile ambavyo chuma chake cha kunasia pedeli kimezama ndani ya soli, kwa sababu vyenye chuma cha kutokeza vinateleza kwenye ngazi za mawe na kuzikwaruza. Kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa kulingana na joto, na kula gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa kuanzia saa ya kwanza, njaa isisubiriwe. Maji ya ziwa yenye utando wa kijani msiyaguse hata kwa kuchemsha: kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu ambayo mwani huo unaweza kuwa nayo hubaki.

Mambo mawili yasisubiri safari. Ganzi ikiwa bado ipo siku tatu baada ya kuendesha, au ukiona unashindwa kutanua vidole, kubana karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, au vitu vinakuponyoka, nenda kwa daktari na uache baiskeli kwa sasa. Neva iliyobanwa kwa muda mrefu hupona polepole, na misuli inayotegemea neva hiyo huanza kupungua. Na kama ukisawazisha kiti, ukishusha presha na kuinua usukani bado mikono inakufa ganzi ndani ya saa moja, mtafute mtu anayepima mkao wa mwendesha baiskeli, akutazame ukikanyaga. Kwa maandishi nakisia urefu wa mikono yako, yeye ataupima.

Wiki mbili kabla ya safari rudieni kile kipande cha kilomita 60 kwa presha mpya, mizigo ileile mtakayobeba siku yenyewe. Mkifika bila ganzi na bila pancha, zilizobaki ni kilomita 30. Wekeni alama mahali pawili pa kukatizia, kituo cha treni, mashua au barabara inayorudi, na mkubaliane mapema: asiyefika kilomita ya 60 kabla ya saa nane mchana anatumia cha kwanza.